Siku Maabara Haikungojewa

Nyinyi mnaoajiriwa siku hizi, nimewaona mkishangilia job ya kompyuta ikimaliza mapema. Mnapiga picha ya skrini, mnatuma kwa group, mnawekeana alama za makofi. Mimi job ikichelewa hunikasirisha tu, lakini ikimaliza mapema naogopa. Nimestaafu na bado naogopa. Juzi mjukuu wangu aliniambia amemaliza homework kabla chai haijachemka, nikamwambia alete hilo daftari nilione. Alikuwa ameruka ukurasa mzima.

Nitawaeleza kwa nini nimekuwa hivi, nanyi mnivumilie nikirukaruka. Sikumbuki mambo kwa mpangilio na sitajifanya.

Nilifanya kazi katika kiwanda cha maziwa hapa Nakuru, na kipi si lazima niseme. Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba chenye baridi ya kuvaa sweta Januari, na ndani yake ilikaa kompyuta kubwa, mainframe. Ninyi mkisikia neno hilo mnadhani ni kitu cha makumbusho, kumbe bado iko pale inafanya kazi. Kila kazi iliyopewa kuifanya yenyewe bila kusimamiwa tuliiita job. Kulikuwa na job ya kujumlisha maziwa ya wakulima, job ya kupanga safari za malori, job ya kupokea majibu ya maabara, na nyingine mamia. Mimi sikuwa naziandika. Yangu ilikuwa kuamua ipi ianze lini na ipi ingoje nani. Watu wa ofisi nyingine waliona ni kazi ya kukaa. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama mshahara wangu ni wa kungojesha wenzangu, nikamwambia ndiyo, na yeye aendelee kungoja.

Aliyenifundisha ni Mzee Kiprono. Nilipofika, hakuamini skrini. Alikuwa na ubao mkubwa ukutani wenye misumari, kila job na kadi yake, na kati ya kadi na kadi alifunga uzi wa rangi. Uzi mwekundu maana yake huyu hawezi kuanza kabla yule hajamaliza. Asubuhi alisimama mbele ya ubao na kikombe cha chai, akifuata nyuzi kwa kidole. Kuna mama wa usafi aliyewahi kuanika kitambaa cha kupangusia juu ya nyuzi hizo, na Mzee, aliyekuwa mtulivu kwa mambo yote ya dunia hii, alipiga kelele hadi askari wa geti akaja.

Kila nilipomletea sheria mpya, aliuliza swali lile lile. "Huyu anangoja nani?" Nikimjibu, aliuliza, "Na huyo asipokuja?" Mwanzoni nilidhani anataka kunichosha. Nilikuwa msichana wa watu wa reli, nimezaliwa kwenye nyumba za reli hapa mjini, baba ametoka upande wa Bungoma, na kichwa changu kilikuwa kigumu. Siku moja nikamjibu kwamba asipokuja basi atakuwa amekufa. Hakucheka. Alisema, "Sawa, amekufa. Sasa huyu wa nyuma atafanya nini?" Akanirudishia karatasi yangu nikaandike upya.

Wakati huo sheria nyingi zilikuwa za saa. Mtu aliandika job ya kujumlisha ianze saa fulani, job ya kuchapisha safari za malori ianze saa inayofuata, halafu akaenda nyumbani akiomba Mungu. Masika yalipokuja na nyasi zikawa nyingi, ng'ombe wakatoa maziwa hadi kompyuta ikachelewa kujumlisha. Job ya safari haikujua. Saa yake ilipofika ilianza, ikachukua safari za jana na kuzichapisha tena. Hoteli moja ya Salgaa, ile sehemu madereva wa malori hupumzika, ikaletewa maziwa mara mbili, na nyingine ikakosa kabisa. Mwenye hoteli alinipigia simu mwenyewe. "Madam," alisema, "mnataka nioge nayo?"

Kwa hiyo tukaanza kung'oa saa na kuweka masharti, na kazi hiyo ilituchukua miaka. Nikiwapa ushauri mmoja wa mikono, ni huu: ukijikuta unaandika saa, jiulize kama unachotaka hasa ni saa, au unataka mwenzako awe amemaliza. Na ukiandika "akimaliza", sema amemalizaje. Job inaweza kumaliza kwa kuanguka. Kompyuta itaandika imeisha, na kweli imeisha. Kwa hiyo sharti liseme "ikimaliza salama", na ulijaribu kwa kuiangusha makusudi mchana, watu wote wakiwa macho, uone wa nyuma anafanya nini. Halafu shuka chini ukaone kazi yenyewe kwa macho. Mimi nilivaa gumbuti nikasimama na wapakiaji, nikajua kwamba maziwa ya kwanza kutoka kwenye tangi lililooshwa ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu yanasukuma mbele yake chochote kilichobaki kwenye bomba. Mabomba huoshwa kwa soda kali ambayo ukiigusa bila glavu vidole vinateleza. Haina harufu na kwenye maziwa huioni. Ndiyo maana maabara ilichota sampuli kwenye maziwa hayo ya kwanza.

Na hapa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimeizunguka vya kutosha.

Sheria ilikuwa hivi. Job ya maabara ilileta majibu ya vipimo. Job ya ruhusa iliingoja, ikiona majibu mazuri iliwasha kijani kwenye skrini ya upakiaji. Pale chini Njoroge, mkubwa wa malori, akiona kijani alifungua geti. Mzee Kiprono alikuwa ameshastaafu na ubao wake umeondolewa, sheria zote zimehamia ndani ya mashine. Kuna kitu kilipotea katika kuhama huko na hakuna aliyekiona. Kwenye ubao, ukitoa kadi ya maabara msumarini, uzi mwekundu ulibaki ukining'inia, na kila mtu aliuona. Kwenye mashine, job isipokuwa kwenye mpango wa siku, inatoka pamoja na uzi wake. Wa nyuma akitazama mbele haoni mtu wa kungoja. Anaanza.

Jioni moja serikali ikatangaza kwamba kesho yake ni sikukuu. Mnaijua tabia hiyo. Watu wako njiani kurudi nyumbani, redio inasema kesho msiende kazini. Zamu ya usiku ilikuwa ya Kevo, kijana wa Lanet, mwangalifu kuliko wengi wenu. Alifanya alivyoagizwa: akaingia kwenye kalenda ya mashine akaweka alama ya sikukuu. Sikukuu zinazojulikana mapema, Chepkoech wa maabara alikuwa akituletea jina la atakayekuwa zamu, tukaiweka job yake kwa mkono. Hii ya ghafla hakuna aliyeleta jina. Chepkoech alisikia redio kama watu wote na akalala nyumbani kwake. Job ya maabara, iliyofuata siku za kazi, ikatoka kwenye mpango. Job ya ruhusa ilikuwa ya kila siku, kwa sababu ng'ombe hawana sikukuu.

Nilifika asubuhi nikiwa na hasira za kufanya kazi wenzangu wakiwa kitandani. Kevo alikuwa anajiandaa kutoka. "Mathe, leo kumetulia kabisa," aliniambia. "Malori yote yalitoka early." Mimi niliitwa mathe na watu wengi ambao sikuwazaa, na sikuwahi kumchukia yeyote kwa hilo, lakini hilo neno "early", mapema, lilinisimamisha na mkoba ungali begani. Nikaketi bila kuuvua. Job ya ruhusa ilikuwa kijani. Nikaifungua nione ilimngoja nani. Palikuwa patupu.

"Kevo, maabara iko wapi?"

"Si ni holiday? Niliweka holiday kwa calendar. Memo ilisema niweke."

Nikampigia Chepkoech. Nilisikia watoto wake nyuma yake, na sahani. "Madam Nekesa, leo si tumepewa off?" alisema. Nikamuuliza nani amepima maziwa. Akasema polepole, "Hakuna. Na jana jioni tangi namba mbili lilioshwa. Kama hawakusuuza bomba vizuri..." Alisema anavaa viatu anakuja.

Nilishuka ngazi kwa mbio, na mimi si mtu wa mbio. Njoroge alikuwa ameketi juu ya kreti akinywa chai. Nikamwambia arudishe malori yote. Akanitazama kama niliyemwomba arudishe mvua.

"Madam, si system ilisema go? Mimi nikiona kijani, naachilia."

"Iliwasha kijani bila kupimwa."

"Lakini maziwa inaweza kuwa sawa."

"Inaweza."

"Sasa urudishe lori zote, watu wa Salgaa wakose, kisha ipatikane ni sawa?" Akasimama. "Utaenda nyumbani kabla ya siku yako, na mimi nikubebee mzigo."

Alikuwa anasema kweli, na hicho ndicho kilichonitia uchungu. Sikuwa na kipimo hata kimoja mkononi. Nilimuuliza swali moja tu, lori gani lilipakia la kwanza kutoka tangi namba mbili. Akatazama karatasi yake, na niliona uso wake ukibadilika kabla hajajibu. Lilikuwa lori la Kabazi, na mitungi yake ilikuwa ya shule ya msingi ya bweni. Watoto wa bweni hawaendi nyumbani kwa sikukuu ya siku moja. Chai yao ni saa nne.

Njoroge alitoa simu akawapigia madereva. Dereva wa Salgaa alishika, akaegesha kando. Wa upande wa Lanet akageuza gari. Wa Kabazi hakupatikana, maana kule kwenye mteremko wa Subukia mtandao huwa unakatika. Tukapiga simu ya shule, ikaita kwenye ofisi iliyofungwa. Tukapiga tena. Kevo, aliyekuwa ametufuata chini, alikuwa anatembea huku na huku akisema, "Ni mimi, ni mimi." Nikamfokea anyamaze. Nilimfokea vibaya, kwa sababu nilikuwa naogopa, na nilikuwa nawaona wale watoto wamepanga foleni na vikombe vyao vya plastiki.

Hapo nikamkumbuka Karanja. Huyu alikuwa karani wetu kwenye kituo cha kukusanyia maziwa Kabazi. Nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa akinipigia kila mashine ilipokataa hesabu zake, ananilaumu kana kwamba nimeificha chini ya kiti. Akashika simu mara moja.

"Madam wa kompyuta! Leo mashine imekataa nini tena?"

"Karanja, shule iko mbali na wewe?"

"Hapo juu tu."

"Chukua boda sasa hivi. Maziwa ya lori letu ya leo, isiingie kwa sufuria."

"Iko na nini?"

"Sijui."

"Hujui? Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie hatujui," nikasema. "Waambie haikupimwa."

Nilisikia pikipiki ikiwashwa, kisha simu ikakatika.

Nimefanya kazi ya kungojesha wengine maisha yangu yote, na sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale kwenye upakiaji. Chepkoech alifika, akapita mbele yetu na koti lake la maabara mkononi, akaingia kuchota sampuli kwenye mabaki ya tangi. Nikajua jibu lake litachukua muda kuliko lori. Njoroge alinipa chai, nikaishika hadi ikapoa. Hakuna aliyeniambia nitulie, na nawashukuru kwa hilo.

Aliyepiga simu hakuwa Karanja. Namba ilikuwa yake, ila sauti ilikuwa ya mwanamke anayepumua kwa nguvu. "Wewe ndio ulituma huyu mtu?" aliuliza. "Mimi ni mpishi wa shule. Tunamleta hospitali. Koo yake imechomeka."

Yaliyotokea nilielezwa baadaye, na mpishi mwenyewe, akilia. Karanja alikuta mitungi imefika jikoni na sufuria iko motoni. Akawaambia wasimimine. Mpishi akamuuliza maziwa yana nini. Akasema hajui, hayakupimwa. Mpishi alikuwa na watoto wa shule nzima wanaongoja chai, na mbele yake mtu aliyeshuka kwenye boda hana barua wala karatasi. Alimwambia, "Kama hujui, toka kwa jikoni yangu," akainua mtungi. Karanja akanusa, harufu ilikuwa ya maziwa. Hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Basi akachota kwa kikombe, akanywa. Mtungi wa kwanza haukuwa na kitu. Akaenda wa pili, haukuwa na kitu. Mpishi anasema alikuwa ameanza kumcheka. Wa tatu akanywa funda kubwa, kwa sababu alikuwa anaharakisha, na huo ndio uliojazwa kwanza pale kiwandani.

Walimwaga yote. Hakuna mtoto aliyekunywa. Jibu la Chepkoech lilitoka Karanja akiwa tayari kwa daktari, nalo lilisema soda imo, jambo lililokuwa limejulikana tayari na koo la mtu.

Kwenye kikao kilichofuata wakubwa walitaka kumfukuza Kevo. Niliwaambia kijana alifuata waraka wao wenyewe, na kama wanataka kufukuza, waifukuze kwanza kalenda. Nilisema kwa sauti ambayo mkubwa wetu hakuwahi kuisikia kwangu. Kevo yuko pale hadi leo, na ndiye aliyekaa nami tukaandika sheria upya. Sasa job ya ruhusa haitazami kama maabara iko kwenye mpango. Inangoja neno moja, "imepimwa", na neno hilo huwekwa na mtu wa maabara kwa mkono wake, kila siku, na la jana hufutwa kabla ya leo kuanza. Asipokuja mtu, kijani hakiwaki. Malori yatakaa, watu watapiga simu, watatukana, nanyi mtatukanwa. Mtukanwe tu. Pitieni sheria zenu zote mkitafuta yule ambaye kutokuwepo kwake kumegeuka ruhusa. Yuko, nawahakikishia. Anzeni na zile za sikukuu.

Karanja alitoka hospitali akarudi kituoni kwake. Koo lilipona. Ulimi haukurudi kama ulivyokuwa, na karani wa maziwa hufanya kazi kwa pua na ulimi kabla ya kipimo chochote. Nilichelewa kwenda kumwona kwa sababu ya aibu, nitasema hivyo hivyo. Nilipostaafu nikaenda.

Nilimkuta mtu mwembamba, mchangamfu, mdogo kuliko sauti yake ya simu. Wakulima walikuwa wamepanga mitungi. "Kumbe Madam wa kompyuta uko hivi!" akasema, akanipa kiti. Aliniambia siku hizi mkewe ndiye humwonjea, ila asubuhi hiyo mkewe alikuwa ameenda soko la Subukia. Nikajaribu kusema nililokwenda kusema. Hakuniacha nifike mbali. Aliinua mkono kama mtu anayezuia nzi, akageukia mtungi wa mzee aliyekuwa mbele ya foleni. Akaunusa, akachota kwa kikombe, kisha akaninyooshea kile kikombe.

"Onja uniambie."

"Karanja, mimi ni mtu wa kompyuta."

"Najua."

Nikaonja. Mzee mwenye mtungi alikuwa ameacha kuongea na wenzake.

"Iko sawa?" Karanja akauliza.

"Ngoja," nikamwambia. Nikanywa tena, nikayaweka mdomoni, nikayasikiliza hadi mwisho. "Iko sawa."

Akainua ule mtungi, akaumimina ndani ya tangi.